Nesi nikistaafu nikarudi kijijini, nijitolee vipi nisigeuke zahanati ya barazani?

Nesi wa Tunduru:

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Mwakani natimiza miaka 60, nakabidhi funguo za kabati la dawa na kurudi kwetu, wilaya ya Masasi. Tuna nyumba ya bati na mikorosho aliyotuachia baba mkwe. Zahanati ya karibu ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, na mimi ndiye nesi pekee aliyetoka kwenye ukoo huu, kwa hiyo mnaweza kujua kinachonisubiri.

Mwezi uliopita tulikwenda msibani hukohuko. Hata kabla sijakaa kwenye mkeka wa wafiwa, bibi mmoja kanishika mkono anataka nimwambie kama presha yake imepanda, kwa kunitazama tu usoni. Binti mwenye mimba changa kanifuata chooni. Halafu babu mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akaniita nyuma ya jiko nikidhani ana habari za mazishi, kumbe anataka kunionyesha busha. Usiku mzee wangu akaniambia, "Mama nanihii, unakwenda kufungua zahanati isiyo na dawa, isiyo na mshahara, na isiyofungwa."

Nataka kuwasaidia, sikatai. Kazi hii nimeifanya tangu usichana na sijui kukaa bure. Ila nimeona pia wenzangu wawili watatu waliostaafu wakaliwa na wema wao: kiinua mgongo kimeishia kwenye nauli za wagonjwa, na mwisho wakaanza kujificha ndani mtu akibisha hodi.

Waliotangulia mlifanyaje? Na zawadi je? Mtu akileta kuku, nipokee au nikatae? Kwetu kukataa kuku ni kama tusi.

Kijana wa Mnazi Mmoja:

Mama, andika ukutani MBWA MKALI. Hata kama huna mbwa.

(Natania. Wakubwa watakuja kujibu.)

Bibi Uwandani:

Marahaba mdogo wangu. Hiyo habari ya nyuma ya jiko imenichekesha peke yangu mpaka mjukuu akauliza nina nini. Mimi niko Newala, huku juu uwandani, kwa hiyo shida zako nazijua kwa majina. Nitaandika kirefu, nivumilieni.

Nilistaafu mwaka 2016, lakini kujitolea hakukuanza siku hiyo. Mwaka 1973 nilikuwa msichana wa darasa la saba ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Wenye umri wangu mnakumbuka: kikundi kinakaa chini ya mti, redio moja, kitabu kimoja kinapita mkono kwa mkono. Nchi nzima walishiriki watu karibu milioni 2. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea kitabu akina mama ambao walikuwa hawajajua kusoma, maana elimu ya watu wazima nayo ilikuwa ndiyo inapamba moto. Kipindi cha redio kikiisha, hakuna makofi, tunachukua majembe. Leo choo cha fulani, wiki ijayo cha fulani, madimbwi yafukiwe, nyasi zifyekwe. Udongo wetu ni wa kichanga, shimo unalichimba upesi na masika linakurudia upesi vilevile, kwa hiyo wazee walitufundisha kulijengea mdomo kwa miti. Hakuna aliyelipwa hata senti. Na hakuna aliyefanya peke yake. Hilo la mwisho ndilo nililokuja kulisema hapa, mengine ni maelezo yake.

Baada ya hapo nikachukuliwa kusomea MCH Aide, wale tuliokuwa tunaitwa manesi wa Mama na Mtoto, na miaka mingi baadaye nikajiendeleza nikawa PHN B, yaani nesi wa afya ya jamii. Kazini nilipima watoto, nikachanja, nikazalisha. Hayo nililipwa, siyahesabu kama wema.

Ninayoyahesabu ni ya miaka ya tisini. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika kwetu. Huduma ya kuzitoa bure nchini ilianza mwaka 2004. Wagonjwa walirudishwa nyumbani kutoka mijini, wamebebwa kwenye mabasi, wamebaki ngozi na macho. Hospitali ilikuwa haina la kuwafanyia. Nikitoka kazini saa tisa na nusu, nilipitia nyumba moja au mbili kabla ya kwangu. Nilikuta mgonjwa analala kwenye chumba cha uani, chakula kinasukumwa mlangoni kwa fimbo. Si kwa ubaya wa roho. Watu walikuwa wanaogopa, na hakuna aliyewaonyesha la kufanya.

Basi nilikuwa sifanyi mwenyewe, na hapo naomba unielewe vizuri. Siku ya kwanza naosha mimi, mama mtu anatazama. Siku ya pili tunaosha wote. Siku ya tatu anaosha yeye, natazama mimi. Mikono tulivaa mifuko ya rambo, glavu zenyewe hazikuwepo (enzi hizo rambo ilikuwa halali, marufuku ni ya 2019). Chini ya mgonjwa tunatandika nailoni, juu yake khanga kuukuu iliyokunjwa. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, kulia, chali, kushoto, na kutazama visigino, nyonga na mkiani kama pameanza kuwa pekundu, maana kidonda cha kulalia kikishafunguka ni shughuli. Mdomo wenye utando mweupe tunausafisha na kupaka GV, ile dawa ya maji ya zambarau. Akiharisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha na si vya kilele.

Kuna mwanamke mmoja nilimfundisha hivyo akimuuguza kaka yake. Kaka alifariki. Miezi michache baadaye nasikia kaitwa nyumba ya tatu kumwonyesha jirani namna ya kumgeuza mzee aliyepooza. Hakuniuliza, wala hakuwa na haja ya kuniuliza. Yule hakusoma zaidi ya darasa la nne, na mpaka leo ukitaja mgonjwa wa kitandani kijijini kwetu anaitwa yeye kwanza, mimi baadaye. Nikifa kesho kijiji hakitabaki mikono mitupu.

Sasa nilivyostaafu. Wiki ya kwanza walinigongea kabla ya adhana ya alfajiri. Nikaona hapana. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaenda wote kwa mganga mfawidhi wa zahanati, nikawaambia: nitambulisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mseme nitafanya nini na sitafanya nini. Jambo dogo hili limeniokoa kuliko lolote. Ukijitolea ukiwa umesimama peke yako, wewe ni mali ya kila mtu. Ukijitolea chini ya kijiji, mtu akikudai usichoweza unamwambia nenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti anajua la kumjibu.

Nilisimama mbele ya mkutano nikasema: sichomi sindano nyumbani. Sitoi dripu. Sihifadhi dawa ya mtu wala siuzi. Vijana walinung'unika, maana wengi wanaamini hujatibiwa mpaka umechomwa. Mimi leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga imekwisha muda na sikuihuisha kwa hiari yangu. Nesi bila leseni na sindano mkononi si mtu wa kujitolea tena, huyo ni kesi inayosubiri siku.

Ninachofanya ni hiki. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nakaa ofisi ya kijiji, kwenye kibaraza. Nina mashine ya presha waliyoninunulia wanangu, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na daftari. Mtu mzima akipita 140 kwa 90 simtishi. Anakaa, anapumzika, napima tena, na nampa siku ya kurudi. Akifika 180 kwa 110 haendi shamba, anakwenda hospitali siku hiyohiyo, na kabla hajaondoka tunatafuta nani wa kumsindikiza. Mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka kabla ya miaka 5 namzungushia utepe: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo ana utapiamlo mkali na anakwenda zahanati na barua yangu. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, na hapo naingia jikoni kwa mama yake. Sio kumhubiria. Naangalia kuna nini. Uwandani hapa kuna kunde, mbaazi, karanga, mlenda, na korosho zenyewe, halafu mtoto analishwa uji mweupe wa muhogo kwa sababu vile vingine vimesubiri kuuzwa.

Siku ya kliniki ya mkoba, manesi wanapokuja kijijini na boksi la chanjo, mimi nashika mizani na kuandika kadi. Wao wachanje. Baada ya hapo wananipa majina ya waliokosa. Hapo ndipo mstaafu ana faida kuliko nesi wa kazini, maana mimi nina muda wa kutembea na najua nani kahamia wapi. Chanjo inayokimbiwa sana ni ile ya pili ya surua, ya mwaka mmoja na nusu. Mama akishamaliza ya miezi 9 anafunga kadi kwenye sanduku, anaona kazi imekwisha. Halafu msimu wa kuokota korosho familia nzima inahamia shambani, kibandani huko, na mtoto naye. Basi nami nakwenda shambani. Nakaa, naokota nao korosho kidogo tukiongea, na sijawahi kuondoka bila siku ya kliniki kukubaliwa.

Dawa za matende na mabusha zikigawiwa, nazunguka na wagawaji. Vijana wanabeba kijiti cha kupimia urefu, mimi nabeba mdomo. Watu wananijua, nikimeza mbele yao wanameza. Wajawazito na watoto wadogo hatuwapi. Na yule babu yako wa nyuma ya jiko, mdogo wangu, usimcheke sana: dawa hizo hazimwondolei busha alilonalo, lakini upasuaji wa mabusha upo na ni mfupi. Wengi hawaendi kwa aibu tu. Mtafutie mwenzake aliyefanyiwa akapona, akae naye, wewe ondoka.

Eneo jingine ambalo sikulitegemea ni unyago. Wewe wa Masasi unaelewa. Nilipostaafu niliomba kuonana na makungwi, si na wari. Wari wakifundishwa jambo na nesi na jingine na kungwi, la kungwi ndilo litakaloshinda. Kwa hiyo niliwafuata wao, nikaenda na sukari na majani ya chai, tukaongea habari za mimba za utotoni, hedhi, na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ambayo ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na sasa inatolewa mara moja tu kuanzia miaka 9 hadi 14. Wapo walionisikiliza, wapo waliosema nimeletwa kuvunja mila. Sikubishana nao. Mwaka uliofuata mmoja wao alinitumia salamu nije tena.

Sasa hela. Kiinua mgongo usikiguse kwa ajili ya mtu asiyekaa nyumbani kwako. Nasema hivi nikiwa najua wapo watakaoniita mchoyo. Sisi tumekubaliana kijijini, msimu wa minada ya korosho hela zikiingia, kila kaya inachangia kidogo kwenye mfuko wa dharura, na mhazini ni mtu mwingine, si mimi. Nauli ya mgonjwa inatoka huko. Na niliwahimiza wajiunge na CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa bima ya afya ya jamii, enzi hizo ikiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, wakati huohuo hela ipo mkononi. Ukisubiri Machi hakuna kitu.

Kuku nakataa. Nakataa kwa kicheko, namwambia mfuge, atage, mtoto ale mayai. Kuku ana bei. Leo umepokea wa huyu, kesho asiye na kuku anaona aibu kuja na anabaki na presha yake nyumbani. Lakini mihogo, ming'oko, kikapu cha mabibo, hivyo napokea na nakula, kwa sababu kila mtu huku anavyo. Tena ming'oko nikiletewa simwachii mtu.

Usiku nafungua kwa mambo manne tu: mama mjamzito, mtoto mwenye degedege au homa kali, nyoka, na ajali. Mengine yasubiri Jumanne.

Mganga Mfawidhi Mstaarabu:

Bibi Uwandani, shikamoo. Nimesoma yote na nakubaliana na sehemu kubwa. Mimi ni mfawidhi wa zahanati, sitasema wapi, na niseme upande wetu.

Mstaafu akija kujitambulisha kama alivyofanya Bibi, kwetu ni neema. Tuko wawili, wakati mwingine mmoja. Lakini wapo wastaafu wanaokaa barazani na kumwambia mgonjwa, "Hiyo dawa uliyopewa iache, enzi zetu tulitoa nyingine." Enzi zao malaria ilitibiwa kwa klorokwini! Iliondolewa kama dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaja SP, kisha dawa mseto. Dada wa Tunduru, ukiona dawa imekushangaza, nipigie simu mimi kwanza. Usimwambie mgonjwa.

Jambo ambalo sitaki kukubaliana na Bibi ni mashine ya presha nje ya zahanati. Kwangu nimeona watu wakishapimwa kijijini hawaji tena kuchukua dawa zao. Namba ikishuka wanaona wamepona, wanaacha vidonge. Ikipanda wanaazima vya jirani.

Na jingine: tangu Januari 2024 ulipozinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana hawa wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanasomeshwa, wanapata posho. Wengi ni watoto wetu kabisa. Mstaafu asigombanie nao nyumba za kutembelea. Awe nyuma yao. Mhudumu wa miaka 22 akiingia kwa mzee wa miaka 70 kumuuliza habari za choo, anahitaji mtu mzima wa kumfungulia mlango.

Ukipenda kuendelea na kazi ya kitabibu yenyewe, huisha leseni, hudhuria mafunzo, uje ufanye zahanati chini ya utaratibu. Lakini kama hutaki, omba uingie kamati ya afya ya zahanati. Huko ndiko tunakohangaika na mtu anayejua kusoma orodha ya dawa.

Bibi Uwandani:

Marahaba mwanangu. La klorokwini umenipata, ninao wenzangu wa hivyo na tumeshasemezana.

La mashine, nimelisikia. Kwangu mimi simpimi mtu mwenye dawa za presha mpaka anionyeshe kadi yake ya kliniki na vidonge vyake. Hana kadi, simpimi mara ya pili. Na daftari langu linakwenda zahanati kila mwisho wa mwezi, mfawidhi analipitia na kuweka saini. Kama kwako hakuna anayefanya hivyo, basi una haki ya kuikataa hiyo mashine.

Wahudumu vijana ni wanangu. Wawili wa kitongoji chetu nimewazalisha mimi mwenyewe, watanigombania nini?

Mtoto wa Nesi, Tanga:

Naomba niongee nikiwa upande mwingine wa meza.

Mama yangu alikuwa nesi, alistaafu, akaendelea mpaka mwisho. Sisi watoto tulizoea kula bila yeye. Sikukuu mama yuko kwa mtu. Mtihani wangu wa darasa la saba mama yuko kwa mtu. Watu wakiniambia "mama yenu alikuwa mtakatifu" naitikia, lakini kuna sehemu ndani yangu inabaki imenyamaza.

Alipima presha za mtaa mzima. Ya kwake hakuipima. Alianguka jikoni, upande wa kulia ukafa. Wiki ya kwanza nyumba haikuwa na pa kukaa kwa wageni. Mwezi wa tatu tulibaki sisi watatu na dada wa kazi, tukimgeuza kama alivyokuwa akiwafundisha wengine. Simlaumu mtu, kila mmoja ana yake.

Dada wa Tunduru, na wewe Bibi, samahani kwa kukuuliza hivi mbele za watu: presha yako mara ya mwisho umepimwa lini, na nani?

Bibi Uwandani:

Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu mama.

Jumanne iliyopita, na yule mhudumu kijana. Ilikuwa 148 kwa 88. Nameza dawa kila jioni na jina langu ni la kwanza kwenye daftari, siwezi kuanza na mwingine kabla yangu. Hilo si wazo langu, aliniwekea sharti binti yangu siku alipoleta mashine.

La kula bila mama sina jibu lake. Wanangu nao wanalo.

Nesi wa Tunduru:

Nimesoma kwa sauti, mzee wangu amesikiliza mpaka mwisho, na hilo si jambo la kawaida. Mtoto wa Nesi, pole na asante. Nimepimwa leo hapahapa kazini baada ya kusoma ujumbe wako.

Bibi, nimebaki na moja. Uzazi. Hilo la usiku ndilo linaloniogopesha. Zahanati mbali, mama kaanza uchungu saa nane ya usiku, mimi ndiye nipo na leseni nimeirudisha. Nikizalisha nina kosa, nisipozalisha nina dhambi.

Bibi Uwandani:

Usisubiri saa nane ya usiku. Kazi yako ya uzazi inafanyika miezi mitatu kabla.

Kila mjamzito wa kijiji mjue na tarehe yake. Akifika wiki za mwisho, mkalishe yeye, mume na mama mkwe pamoja, maana mama mkwe ndiye mwenye uamuzi. Waulize: nani anabaki na watoto? Vifaa viko wapi? Kama nyumba iko mbali sana na ana jamaa karibu na kituo, aende akakae huko. Mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, aliyewahi kutoka damu nyingi, hao wasibaki kijijini kabisa siku zikikaribia.

Kisha andika 115 ukutani kwake kwa mkaa. Ni namba ya m-mama, ni bure kupiga. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, wanamtuma dereva wa jamii waliyemsajili na malipo yake yanatoka kwenye mfumo, si mfukoni kwa mume. Inahusu mjamzito, aliyetoka kujifungua na kichanga wenye hali ya dharura. Dalili za kupiga bila kungoja kuulizana: damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, chupa kupasuka na uchungu hauji, mtoto kuacha kucheza. Waonyeshe kwa vidole, wazikariri kama wimbo wa jando.

Na mtoto akikuwahi? Atakuwahi siku moja, usidhani. Mikono yako haijasahau. Mpokee, mkaushe, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, usivute kondo, simu iwe tayari imepigwa, na wote wawili waende kituoni hata kama wanacheka. Kilicho kosa ni kujitangaza kwamba kwako panazaliwa. Ukisikia watu wanaanza kusema "tutajifungulia kwa sista", rudi mkutanoni ukasimame tena.

Jingine, kama utahamia katikati ya mwaka: upulizaji wa salfa kwenye mikorosho utakuwa umeshika kasi kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Anzia hapo, ni mlango mzuri wa kuingilia kabla hujawahubiria watu mambo makubwa. Vijana wanapuliza bila kufunga uso, wanarudi wanakohoa na macho mekundu, wanasema ndiyo kazi yenyewe. Watoto wasipelekwe shambani siku hiyo. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, wala asimnyanyue mtoto kabla hajaoga. Jicho likiwasha lioshwe kwa maji mengi safi, wasikamulie maziwa wala majani. Maji huku ni ghali, najua; bomba likikorofisha dumu linauzwa. Kwa jicho, watoe.

Nesi wa Tunduru:

Nimeandika yote. Mzee wangu anauliza anunue mashine ya presha ya aina gani, ile ya kifundo cha mkono wameiona dukani ni bei nafuu.

Bibi Uwandani:

Mwambie ahsante shemeji, lakini aiache hiyo. Achukue ya mkono wa juu, ya betri, na aombe mikanda ya saizi mbili, kwa sababu akina mama wa kwetu mikono yao si ya kitoto na mkanda mdogo unapandisha namba bure. Na betri zenyewe anunue za kutosha, Masasi mjini, si dukani kwa kijiji.